Anayewania Udiwani Kisii na Nyamira: Anakotoka, Anachotaka na Anachoweza

Mnamo 27 Novemba 2025 wapigakura wa wadi tatu za Kaunti ya Nyamira walipanga foleni kuchagua madiwani wao: Nyamaiya katika eneobunge la Mugirango Magharibi, Ekerenyo katika Mugirango Kaskazini, na Nyansiongo katika Borabu. Katika orodha ya chaguzi ndogo zilizofanyika kote nchini siku hiyo, wadi hizo hazikuvuta macho ya wengi. Hata hivyo, kwa wakazi wenyewe lilikuwa jambo zito, kwani viti hivyo vilikuwa vimekaa vitupu kwa muda mrefu kuliko sheria ilivyokusudia.

Chanzo cha kuchelewa huko hakikuwa Nyamira. Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilibaki bila makamishna tangu Januari 2023, muhula wa mwenyekiti Wafula Chebukati ulipokamilika, hadi Julai 2025, mwenyekiti mpya Erastus Ethekon na wenzake walipoapishwa. Katika kipindi hicho hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuitisha uchaguzi mdogo. Bajeti za kaunti zilisomwa na kupitishwa, ilhali wadi zisizo na diwani hazikuwa na mtu wa kusimama bungeni na kuuliza kwa nini daraja fulani halimo katika makadirio.

Hilo ndilo linalofanya kiti cha diwani, ambacho wengi hukidharau wakikilinganisha na ubunge au ugavana, kistahili kuelezwa kwa kina. Ni nani hukiwania katika kaunti hizi mbili za Gusii? Hutoka wapi, huahidi nini, na sheria inamruhusu kutimiza kiasi gani cha anayoyaahidi?

MABARAZA YA ZAMANI

Neno diwani limebaki midomoni mwa watu na katika kurasa za magazeti, lakini kazi yenyewe si ile ya zamani. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 nchi ilikuwa na mabaraza 175 ya serikali za mitaa, yaliyoendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Gusii pekee ilikuwa na Baraza la Manispaa ya Kisii, mabaraza ya kaunti ya Gusii, Gucha na Nyamira, pamoja na mabaraza ya miji midogo kama vile Keroka, Ogembo, Suneka, Tabaka na Nyansiongo. Kila baraza lilikuwa na madiwani wake, na madiwani hao walimchagua meya au mwenyekiti kutoka miongoni mwao.

Madaraka yao yalikuwa yamepunguzwa kitambo. Sheria ya mwaka wa 1969 iliyahamisha masuala ya elimu ya msingi, afya na barabara kutoka mikononi mwa mabaraza ya kaunti hadi serikali kuu, na mabaraza mengi yakabaki na masoko, machinjio, vibali vya biashara na ada za maegesho. Afueni kidogo ilipatikana baada ya sheria ya 1998 iliyounda hazina ya LATF, ambapo asilimia 5 ya kodi ya mapato iligawiwa mabaraza. Hata hivyo waziri aliyehusika na serikali za mitaa aliendelea kuwa na usemi mkubwa juu ya mabaraza hayo, na diwani aliyetaka kufanya jambo la maana alilazimika kwanza kubisha hodi Nairobi.

Katiba ya 2010 ilifuta mpangilio huo. Mahali pa mabaraza pakachukuliwa na mabunge ya kaunti 47 yenye wadi 1,450. Kaunti ya Kisii ilipata wadi 45 katika maeneobunge tisa. Nyamira ikapata 20 katika maeneobunge manne. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Kwa wastani, basi, diwani wa Kisii huwakilisha watu wapatao 28,000 na mwenzake wa Nyamira takriban 30,000.

Badiliko ambalo bado huwatatiza wakazi ni lile la mji wenyewe wa Kisii. Manispaa ipo, lakini haina tena madiwani wa kuchaguliwa wala meya. Chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, husimamiwa na bodi na meneja, na wajumbe wa bodi hiyo hawaendi kwa wapigakura. Mfanyabiashara wa soko la Daraja Mbili mwenye malalamiko kuhusu taka au mitaro ya maji hana budi kumtafuta diwani wa wadi, ambaye huketi katika bunge la kaunti nzima pamoja na wawakilishi wa vijiji vya mbali visivyo na haja na mitaro hiyo. Isitoshe, mji huo umegawanyika kati ya maeneobunge ya Nyaribari Chache na Kitutu Chache Kusini. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mji ulio kitovu cha biashara ya Gusii nzima hauna chombo kimoja cha kuchaguliwa kinachouwakilisha kama mji.

WANAKOTOKA

Kipengele cha 193 cha Katiba kinaeleza anayefaa kuwania. Ni lazima awe mpigakura aliyesajiliwa, atimize matakwa ya elimu na maadili yaliyowekwa kisheria, na ateuliwe na chama au aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 500 wa wadi hiyo iwapo anawania bila chama. Mtumishi wa umma, aliyefilisika, anayetumikia kifungo cha miezi sita au zaidi, na asiyekuwa raia kwa miaka kumi mfululizo kabla ya uchaguzi, wote hawaruhusiwi. Kuhusu elimu, sharti la shahada ya chuo kikuu lilizua vita vikali kortini. Mnamo Oktoba 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumtaka diwani awe na shahada ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ulifungua mlango kwa watu ambao wangezuiwa, wakiwemo madiwani waliokuwa tayari ofisini.

Hayo ni masharti ya karatasi. Masharti ambayo hayakuandikwa ndiyo magumu zaidi.

La kwanza ni ukoo. Majina ya maeneobunge ya Gusii yenyewe ni ramani ya koo: Kitutu, Nyaribari, Mugirango, Bobasi, Machoge na Bonchari. Katika ngazi ya wadi mgawanyiko huendelea hadi kwa koo ndogo na milango, na mara nyingi wazee hukutana kabla ya uchaguzi kukubaliana zamu ni ya upande gani. Mgombea hodari kutoka ukoo mdogo anaweza kuambiwa waziwazi kwamba wakati wake haujafika. Borabu ni tofauti kwa kiasi fulani. Eneo hilo lilikaliwa upya katika miaka ya 1960 kupitia mipango ya makao katika yaliyokuwa mashamba ya walowezi, na familia zilihamia huko kutoka pembe zote za Gusii. Katika wadi kama Nyansiongo, anayetegemea ukoo mmoja pekee hafiki mbali.

La pili ni mahali mtu alipojulikana kabla ya siasa. Katika kaunti hizi njia za kawaida hazifichiki. Kuna walimu, ambao Gusii imewazalisha kwa wingi na ambao huwafahamu wazazi kijiji kwa kijiji; lakini kwa kuwa wao ni watumishi wa umma, sheria ya uchaguzi huwataka wajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi mkuu, na si kila mwalimu aliye tayari kuuacha mshahara kwa kubahatisha. Wapo pia waliopitia uchaguzi wa wakurugenzi wa viwanda vya majanichai, kwa mfano Kebirigo, Tombe, Nyamache na Ogembo. Chaguzi hizo za wakulima ni shule ya siasa kwa haki yake, maana mkulima aliyelipwa bonasi ndogo hasahau jina la mkurugenzi. Kanisa nalo lina nafasi yake, hasa la Waadventista wa Sabato na lile la Katoliki: aliyekuwa mzee wa kanisa au mwenyekiti wa vijana huanza kampeni akiwa na watu wa kumsikiliza. Siku za hivi karibuni viongozi wa wahudumu wa bodaboda wamejiunga na safu hiyo.

Na kuna waliojifunzia siasa mbali na nyumbani. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Simba Arati. Kabla ya kuwa Gavana wa Kisii mwaka wa 2022, aliwahi kuwa diwani jijini Nairobi, katika eneo la Dagoretti, enzi za baraza la jiji. Mwaka wa 2013 alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kaskazini kwa tiketi ya ODM na akahifadhi kiti hicho mwaka wa 2017, kisha akarejea nyumbani kuwania ugavana. Mtangulizi wake, James Ongwae, alifika kwa njia nyingine kabisa: aliitumikia serikali kwa miaka mingi hadi kuwa katibu wa wizara kabla ya kuchaguliwa mwaka wa 2013. Mmoja alianzia chini kwa kura, mwingine alishuka kutoka juu kwa uteuzi. Wanaowania udiwani Gusii leo humtaja wa kwanza mara kwa mara, kwa sababu amewapa ushahidi kwamba kiti cha wadi kinaweza kuwa ngazi. Ubaya wa ngazi ni kwamba anayeikwea hutazama juu, wala si pale aliposimama.

Wanawake hukabili ukuta wa ziada. Mwanamke aliyeolewa katika wadi huambiwa kwamba yeye ni wa kwao alikozaliwa, na akienda kuwania alikozaliwa huambiwa kwamba aliolewa akaondoka. Kitaifa, kati ya wadi 1,450, wanawake waliochaguliwa moja kwa moja walikuwa 82 mwaka wa 2013, 96 mwaka wa 2017 na 115 mwaka wa 2022. Ndiyo maana viti vya uteuzi vinahitajika ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na ndiyo maana orodha za uteuzi za vyama huzua kesi kila baada ya uchaguzi.

KURA CHACHE, GHARAMA NYINGI

Mwaka wa 2022 Kisii ilikuwa na wapigakura takriban 637,000 waliosajiliwa, na Nyamira takriban 323,000. Hiyo ni wastani wa wapigakura 14,000 kwa wadi moja Kisii na 16,000 Nyamira. Mshindi hahitaji nusu ya kura, wala hakuna duru ya pili. Wakijitokeza wapigakura 10,000 na wagombea wenye nguvu wakiwa watano au sita, mtu anaweza kuingia bungeni kwa kura chini ya 3,000, yaani kura za vituo vichache vilivyo karibu na kwao. Ni rahisi basi kuelewa kwa nini mgombea huanza kwa kuhesabu mazishi atakayohudhuria na harambee atakazochangia kabla hajaandika manifesto. Ada ya IEBC ni ndogo: Sh5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na walemavu. Gharama halisi iko katika kura za mchujo za chama, magari, na mikono inayonyooshwa kila anapopita sokoni.

Tiketi ya chama ina uzito wake, ingawa hubadilika kila msimu. Mwaka wa 2002 wimbi la Ford-People la marehemu Simeon Nyachae, aliyekuwa akiwania urais, lilifagia Gusii. Chaguzi zilizofuata zilileta ODM, kisha Jubilee ikajipenyeza, na mwaka wa 2022 chama cha UPA kikampa Amos Nyaribo ugavana wa Nyamira. Diwani aliyeponea mawimbi yote hayo ni nadra kupatikana.

AHADI NA SHERIA

Mgombea wa wadi akipanda jukwaani Ekerenyo au Tabaka huahidi mambo yanayofanana: barabara, maji, zahanati, taa sokoni, karo kwa watoto wa maskini, kituo cha polisi, darasa jipya la sekondari, bei nzuri ya majanichai. Mpigakura anayetaka kupima ahadi hizo ana kipimo tayari, nacho ni Jedwali la Nne la Katiba, linalotenganisha kazi za serikali ya kaunti na za serikali ya kitaifa.

Barabara za kaunti, taa za mitaani, masoko, vibali vya biashara, hospitali za kaunti na zahanati, kilimo, maji na usafi, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni kazi za kaunti. Kwa hayo diwani anaweza kudaiwa jawabu. Polisi, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu na barabara kuu si kazi zake. Darasa la sekondari hujengwa kwa hazina ya eneobunge, iliyo karibu zaidi na mbunge. Anayeahidi kujenga kituo cha polisi aidha hajaisoma sheria au anatumai msikilizaji hajaisoma.

Basari ndiyo iliyo katikati. Madiwani wengi huhesabu basari za wadi kuwa kazi yao kubwa kuliko zote, na wazazi huzipokea kwa shukrani. Ila Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, alizitaka kaunti zisitoe fedha za basari bila makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa, kwa kuwa elimu ya sekondari na ya vyuo vikuu si jukumu la kaunti. Magavana walilalamika, suala likafika mahakamani na agizo likasimamishwa kwa muda, lakini kwa majuma kadhaa mzazi aliyekuwa amepanga kulipa karo kwa fedha hizo hakujua ashike lipi.

Hata katika kazi za kaunti, diwani hajengi. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humtaka awe karibu na wapigakura, awasilishe maoni yao bungeni na ahudhurie vikao. Kifungu hicho hicho humkataza kujihusisha na utekelezaji wa kazi za serikali ya kaunti kana kwamba yeye ni ofisa wake. Diwani anayesimama kando ya tingatinga akipigwa picha hakulileta yeye. Alichoweza kufanya, kama alikifanya, ni kuhakikisha kwamba barabara hiyo imeingizwa katika mpango wa maendeleo wa miaka mitano, ikatengewa fedha katika bajeti ya mwaka, na kisha kuuliza zimekwenda wapi iwapo tingatinga halikuja. Hiyo ni kazi ya kusoma makaratasi, na haipendezi jukwaani.

Silaha zake nyingine ni kuwapiga msasa mawaziri wa kaunti, kuunda kamati za uchunguzi na, jambo likizidi, kumng'oa gavana au naibu wake. Kisii iliitumia silaha hiyo mwaka wa 2024. Madiwani walimshtaki Naibu Gavana Robert Monda kwa madai yaliyojumuisha kuitisha hongo kutoka kwa mtu aliyetafuta kazi, naye aliyakana. Seneti ilimpata na hatia na kumwondoa mamlakani 14 Machi 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na Elijah Obebo.

Nyamira imeonyesha upande wa pili. Bunge lake liligawanyika kwa muda mrefu kuhusu uspika, na kundi moja likawa linafanya vikao nje ya jengo la bunge kwa jina la Bunge Mashinani. Hoja za kumtimua Gavana Nyaribo zilishindwa mwaka wa 2023 na mwaka wa 2024. Novemba 2025, mwezi ule ule wa uchaguzi mdogo, madiwani walipiga kura tena na kutangaza kwamba wamemng'oa. Suala lilipofika Seneti mapema Desemba, maseneta walilisitisha kwa hoja kwamba kiwango cha theluthi mbili ya wajumbe wote kilichowekwa na sheria hakikufikiwa. Hesabu ilikuwa finyu kiasi kwamba kura moja au mbili zilikuwa na uzito wa kumweka au kumwondoa gavana. Hapo aliyekuwa akiuliza diwani mmoja ana maana gani alipata jibu.

Kwa mkazi wa Keroka swali hilo hugusa mfuko moja kwa moja. Mji huo umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti zote mbili zimewahi kuzozania haki ya kutoza ushuru humo. Mwenye kibanda hudai kwamba anayepaswa kumtoza ni mmoja, si wawili. Suala la mpaka haliwezi kutatuliwa na diwani mmoja wala bunge moja la kaunti, lakini ushuru wenyewe hutozwa chini ya sheria za fedha zinazopitishwa kila mwaka na mabunge hayo mawili. Mgombea wa pale anayesema atamaliza mzozo wa mpaka anajipa kazi isiyo yake. Anayesema ataisoma sheria ya fedha na kupinga ada fulani mahususi anaahidi jambo linalowezekana.

Walioshinda Nyamaiya, Ekerenyo na Nyansiongo hawakupewa muhula mpya wa miaka mitano. Sheria huwapa tu kipindi kilichosalia, nacho kinaishia katika uchaguzi mkuu unaoangukia 10 Agosti 2027. Hiyo ni miezi ishirini na kidogo, yenye bajeti mbili tu za mwaka mzima kabla ya kampeni nyingine kuanza.